Ng'ombe wa Kalinzi: Kivu Kusini Ikitazamwa kutoka Walungu

Baba yangu alinifundisha majina manne kabla sijajua kuandika langu. Tulikuwa tukipalilia maharage, yeye na mstari wake, mimi na wangu. Kila tulipofika mwisho wa shamba alisimama, akaegemea jembe, akaniambia: "Wataje." Nami niliwataja. Walikuwa wazee wanne waliokuwapo siku babu yangu alipotoa ng'ombe jike mweusi, mwenye baka jeupe pajini, akapewa kipande hiki cha kilima. Nikikosea jina moja, tulianza mstari mwingine bila kunywa maji.

Kwetu Washi, ng'ombe wa namna ile ni kalinzi. Ardhi ya Bushi, nchi ya Washi, ilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, naye aliigawa kupitia wakuu wake wa vilima. Aliyetaka shamba la kudumu alitoa ng'ombe, na tangu siku hiyo shamba lilikuwa lake, la wanawe na la wajukuu, mradi ukoo ubaki mtiifu kwa aliyewapa. Aliyekosa ng'ombe alilima kwa bwasa, yaani kukodi kwa msimu, akilipa kwa pombe ya ndizi au kwa siku za kumlimia mwenye shamba. Mtu wa bwasa aliruhusiwa kupanda maharage na mtama, lakini hakuruhusiwa kupanda migomba. Mgomba hukaa miaka na miaka, na anayepanda mgomba ameshasema kwamba hataondoka. Kwa hiyo ukipita zamani mbele ya boma na kuona migomba imelizunguka, ulijua bila kuuliza kwamba hapo ng'ombe alitolewa.

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kulikuwa na ng'ombe, mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mashahidi. Basi.

Nimefundisha jiografia na historia kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za sekondari za hapa Walungu, na nimestaafu. Vitabu tulivyopewa vililieleza jimbo letu kwa orodha ya madini: dhahabu Kamituga, kasiteriti Shabunda na Nzibira, koltani huku na kule. Wanafunzi walikariri orodha, wakafaulu mtihani, wakatoka wakiamini kwamba Kivu Kusini ni sanduku lililofukiwa, na kwamba mtu mwenye akili ni yule anayelichimbua. Mimi naamini historia ya jimbo hili iko juu ya ardhi, katika swali ambalo baba alilijibu kwa majina manne: shamba hili ni la nani, na nani anajua?

Nianze na umbo la nchi yenyewe. Ubaoni nilikuwa nachora Kivu Kusini kama ngazi tatu. Upande wa mashariki kuna bonde kuu la ufa, na ndani yake maziwa mawili. Ziwa Kivu liko juu, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini, kwenye mita 770 hivi. Mto Ruzizi unayaunganisha. Zamani sana maji ya upande wetu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoibuka zikaziba njia, ziwa likajaa, likatafuta upenyo kusini. Hivyo Ruzizi unashuka karibu mita 700 katika safari isiyofika kilomita 120. Kwa sababu ya mteremko huo vikajengwa vituo vya umeme: Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili mwaka 1989, kwa ushirikiano wa nchi yetu na Rwanda na Burundi.

Ngazi ya kati ndiyo yetu: milima ya Mitumba na nyanda za juu, baridi asubuhi, mvua miezi tisa hivi kwa mwaka. Hapa ndipo zilipo Kabare, Walungu, Kalehe na sehemu za Mwenga. Mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, unasimama juu yetu, na hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 imebeba jina lake pamoja na sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki. Kusini zaidi, nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga ni malisho ya ng'ombe. Ngazi ya tatu inashuka magharibi kuelekea msitu mkubwa, na huko ndiko Shabunda, wilaya yenye kilomita za mraba zaidi ya 25,000.

Hapo nilikuwa nawapa wanafunzi hesabu. Jimbo zima lina takriban kilomita za mraba 65,000. Shabunda peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja. Walungu ina 1,800 hivi, haifiki asilimia tatu. Lakini ukisafiri Shabunda utatembea nusu siku ukisikia ndege tu, na ukipita Walungu hutavuka kilima bila kuona moshi wa jiko. Watu walikuja kukaa juu kwa sababu juu hakuna mbu wengi, hakuna mbung'o wa kuua ng'ombe, na udongo ulikubali maharage na mtama. Wingi wetu wenyewe ndio utajiri wetu wa kwanza, na ndio mzigo wetu wa kwanza.

Wilaya nane za jimbo zina watu wa lugha nyingi. Washi wako Kabare na Walungu, Wahavu Kalehe na kisiwani Idjwi, Walega Mwenga na Shabunda, Wabembe Fizi, Wafuliru, Wavira na Warundi upande wa Uvira, Watembo Bunyakiri, Banyamulenge katika nyanda za juu, na Wambuti na Watwa ambao msitu ulikuwa wao kabla ya sisi sote. Kila watu wana namna yao ya kupanga heshima. Walega hawakuwa na mfalme. Walikuwa na bwami, chama cha kupanda daraja kwa daraja kwa mafunzo, mithali na vinyago vya pembe za ndovu. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948, na vinyago vyake vingi sasa viko katika makumbusho ya Ulaya. Sisi wa Bushi tulikuwa na bami, yaani wafalme. Wilaya ya Walungu hadi leo ina himaya mbili, Ngweshe na Kaziba, na kila mwaka mwami aliongoza Mubande, sherehe ya kubariki mbegu kabla ya kupanda. Hata ufalme wetu, basi, ulianzia shambani.

Tulifanya biashara kabla ya sarafu za kigeni. Wafua vyuma wa Kaziba walitengeneza majembe na mikuki, na ufundi ule haujafa. Wajukuu zao wamekuwa wafua dhahabu na wafanyabiashara wa masafa marefu. Kuzunguka Ziwa Kivu watu walitumia butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo, kama fedha ya kununulia mbuzi, maharage hata ng'ombe, ng'ambo hii na ng'ambo ya Rwanda. Vita navyo vilikuwapo: mfalme Rwabugiri wa Rwanda alifariki mwaka 1895 akiwa katika msafara wa kuishambulia Bushi. Bado soko liliendelea. Nataka kijana anayeambiwa leo kwamba watu wa pande mbili za ziwa hawajawahi kuelewana ajue kwamba walikuwa na fedha moja.

Kisha wakaja watu wenye ramani. Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Lakini miaka tisa kabla hajafika, tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilikuwa imetoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Naomba msomaji asimame hapa. Kwetu, shamba lililopumzishwa misimu miwili si tupu. Mteremko wa malisho si mtupu. Bonde la kukata nyasi za kuezekea lina mwenyewe, na jina la mwenyewe liko kichwani mwa mashahidi. Karani aliyepita na kuona hakuna jembe wala nyumba aliandika neno moja, na kwa neno hilo ng'ombe mia wa kalinzi walifutwa. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza waligawana mipaka huko Brussels, na Idjwi ikabaki upande wetu. Mwaka 1928 ikaanzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi na makampuni. Mashamba makubwa ya kahawa, chai na mkwinini yakapandwa palipokuwa na udongo mzuri na barabara, na wenye vilima wakawa vibarua juu ya makaburi ya babu zao.

Bami waliopinga walilipa gharama. Mwami Rugemaninzi wa Kabare alipelekwa uhamishoni mwaka 1936. Mji wa Bukavu, ambao wazee husema jina lake latokana na neno la Mashi la ng'ombe, enkafu, ulikuwa tangu mwaka 1927 unaitwa Costermansville. Fikiria: mahali pa ng'ombe pakageuzwa jina la mtawala, katika nchi ambayo ng'ombe ndiye aliyekuwa hati ya shamba. Jina la Bukavu lilirudishwa katika miaka ya 1950.

Si kila kilichokuja kilikuwa cha kuondoa. Mapadre Weupe walianza kazi katika Ngweshe mwaka 1906, Wapentekoste wa Norway wakafika Kaziba katika miaka ya 1920, na shule na zahanati zao zimetulea. Wajesuti walifungua chuo chao Bukavu mwaka 1938, ambacho leo kila mtu anakiita Alfajiri, na jina hilo la Kiswahili limekaa vizuri kuliko la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta Ziwa Kivu samaki wadogo kutoka Tanganyika, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa na samaki wachache. Sasa hakuna mlo wa Bukavu bila samaki hao, sambaza. Usiku ukisimama ufukweni utaona taa za wavuvi ziwani, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu, wenyewe wakipiga makasia kwa wimbo ili mkono usilegee.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, baba alidhani vilima vitarudi. Havikurudi. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilisema ardhi ni ya dola. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilirudia hilo kwa upana zaidi, na katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba haki za watu juu ya ardhi ya mila zitapangwa na amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Novemba mwaka huohuo, katika kile tulichokiita Zairianizasyo, mashamba ya wageni yaligawiwa wakubwa, na mengi yakafa chini ya magugu. Tangu hapo mtu wa mjini mwenye hati ya ofisi anaweza kusimama mbele ya mtu wa kilimani mwenye mashahidi wanne, na wote wawili wakawa na haki kwa namna yao. Ukikaa siku moja katika baraza la mahakama hapa kwetu, utasikia kesi baada ya kesi ya mpaka, ya mgomba, ya mfereji. Mimi mwenyewe nimeitwa mara sita kueleza nilichosikia kwa baba.

Wakati kilima kikibanwa, madini yaliita. Dhahabu ya Kamituga ilichimbwa na kampuni ya MGL tangu zama za Wabelgiji. Mwaka 1976 ikaundwa SOMINKI, nayo ikavunjwa mwaka 1997. Kampuni zilipoondoka, vijana waliingia mashimoni kwa nyundo na tochi. Hapa Walungu wanakwenda Mukungwe kwa dhahabu na Nzibira kwa kasiteriti. Nawajua, niliwafundisha. Wengi hawakwenda kwa uroho. Walikwenda kwa kuwa shamba la baba yao lilipogawanywa kwa ndugu saba, kipande cha kila mmoja hakikutosha hata tuta la viazi.

Kisha vita. Nilikuwa kijana mdogo mamluki walioongozwa na Schramme walipoishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, na nakumbuka watu wa mji wakipita kwetu kwa miguu, mama mmoja amebeba cherehani kichwani. Niliyoyaona baadaye yalizidi hayo. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1996 vita vikaingia Bukavu, na tarehe 29 Oktoba akauawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtoto wa Burhale, katika wilaya yetu hii, aliyekuwa amebaki na watu wake. Mwaka 1998 vita vya pili. Kwa miaka mingi makundi yenye silaha yaliyojificha katika misitu ya jirani yaliingia Kaniola na vijiji vyake usiku, na yale waliyofanyiwa wanawake wetu ndiyo yaliyojaza vitanda vya Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, kanisani kwetu tuliimba na kulia kwa pamoja. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na barabara zetu zikajaa tena magodoro.

Katika kila vita, ng'ombe ndiye aliyeondoka kwanza. Zizi la baba lilikuwa na ng'ombe kumi na moja. Mwaka 1998 hakubaki hata mmoja, na mashanza, maziwa yetu ya mgando yaliyokuwa chakula cha wageni, yakawa ya kununua. Wengi wetu sasa tunafuga dende. Ni mnyama mdogo kuliko sungura, hana mkia, anakaa jikoni chini ya benchi na kula maganda na majani. Mke wangu ana ishirini na wawili. Wakisikia kisu kinakata majani ya viazi, wanapiga mluzi wote kwa pamoja. Ukikimbia usiku unawatia katika kikapu na kwenda nao. Dende mmoja ni daftari la mtoto, wanne ni dawa ya malaria. Nawaheshimu wanyama hawa kwa kazi waliyofanya. Lakini hakuna mwami atakayepokea dende ili akupe kilima.

Ukitaka kuona jimbo zima kwa saa mbili, nenda soko la Mugogo, kando ya barabara ya Bukavu kwenda Walungu, mapema kabla jua halijapasha mabati. Utaona sambaza wakavu kutoka ziwani, mchele wa bonde la Ruzizi, mawese yaliyopanda kutoka msituni, jembe la Kaziba, muhogo na majani yake, sombe, yaliyofungwa mafungu. Maharage yanapimwa kwa kopo la maziwa la Guigoz, na muuzaji huongeza kilele kwa kiganja akikuona mzee. Utasikia Mashi, Kilega, Kifuliru, na kati yao Kiswahili chetu kisichofuata vitabu, "tuko nalima", "iko wapi", ambacho kila mmoja anakielewa. Na utaona kwamba wanaobeba ni wanawake. Kamba imepita pajini, gunia liko mgongoni, shingo imekaza, miguu inahesabu mawe ya njia. Wamelima, wamevuna, wamebeba, wanauza.

Hao wanawake kalinzi haikuwajua. Ng'ombe alitolewa na mwanamume, shamba likapita kwa wana wa kiume, na mashahidi wanne wa babu yangu wote walikuwa wanaume. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inampa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na miaka yote hii bado naona dada wakitolewa shambani siku ya arobaini ya baba. Naipenda mila yetu, nami nasema hapa ilikosea. Wale wanaoulisha mji wa Bukavu hawawezi kuwa wageni katika mashamba wanayoyalima.

Shamba la babu yangu lilikuwa kilima kizima upande wa jua. Kipande kilichonifikia nimekipima kwa hatua: 38 kwa 52. Mwaka uliopita nilikaa na wanangu watano, wawili wao mabinti, tukakigawa. Hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa na mtungi wa kasiksi, daftari la kurasa mia, na majirani saba, watatu kati yao wanawake. Niliandika mpaka wa kila mmoja: kutoka mgomba huu hadi jiwe lile, kutoka jiwe hadi mfereji. Kila shahidi alitia sahihi au kidole, na nakala moja ikabaki kwa mkuu wa kijiji. Kisha nikaandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza majina manne niliyofundishwa na baba.

Msomaji wangu wa Walungu, wa Kabare, wa Kalehe, wa Uvira, nakuomba jambo moja. Kilimani kwako yupo mzee anayejua ng'ombe gani alitolewa, na nani, na nani alikuwapo. Ana miaka themanini, anakohoa, na hakuna aliyewahi kumketisha na kumuuliza. Nenda kwake wiki hii ukiwa na daftari. Mwandike, soma mbele yake ulichoandika, mwite binti yako asikilize, kisha wote mtie vidole.